Sheria ya Mleta Chai

Palikuwa na nchi, na kwa taarifa nilizo nazo bado ipo. Jina lake sitalitaja. Si kwa woga, la. Wakati wa mambo haya jina hilo lilikuwa mikononi mwa kamati iliyokuwa ikichunguza kama bado linafaa, na kamati haijamaliza kikao chake cha ufunguzi. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi ya watu watulivu, watulivu hata Serikali ikaanzisha Wizara nzima ya Utulivu ili wasije wakachoka.

Wezi walikuwepo, hilo halikwepeki. Polisi nao walikuwepo, tena wachapakazi. Kikiibwa kitu walifika kwa gari, wakapima uwanja kwa futi, wakauliza maswali magumu, kisha wakamkamata aliyewapigia simu, kwa kuwa ndiye pekee waliyemkuta. Wananchi walilielewa jambo hilo, wakaacha kupiga simu, na takwimu za uhalifu zikashuka mpaka Waziri akapewa nishani.

Lakini kila Alhamisi jioni nchi nzima ilikaa mbele ya televisheni kutazama Saa ya Inspekta Shabaha. Huyo Inspekta alikuwa mtu wa ajabu. Mtu anauawa saa inapoanza, naye kabla saa haijaisha amemjua muuaji, amemkamata, na muuaji amelia. Matangazo ya mafuta ya kupikia yameingia humohumo. Tulimpenda. Tulipokutana sokoni Ijumaa asubuhi tulimzungumzia yeye kwanza, ndipo tukaulizana hali.

Waziri wa Utulivu, Mheshimiwa Stambuli Nyangwe, naye alimtazama, miguu yake ikiwa ndani ya beseni la maji ya vuguvugu. Alhamisi moja alinyanyuka kutoka kwenye beseni akiwa na wazo, akaenda kulihutubia taifa kabla hajakauka.

"Ndugu wananchi," alisema, "kwa miaka mingi tumewatuma vijana wetu ng'ambo kusomea upelelezi. Wamerudi na makoti. Kumbe upelelezi tulikuwa nao sebuleni. Kuanzia leo hakuna kesi itakayopelelezwa kwa namna nyingine isipokuwa ile ya Inspekta Shabaha. Asiyeafiki ajitokeze, na atakayejitokeza tutamshuku."

Hakujitokeza mtu. Tulipiga makofi, nami nikiwemo, na nikiitazama mikono yangu leo siipendi.

* * *

Wataalamu wa Wizara walitazama vipindi vyote tangu cha kwanza, wakachota sheria. Kesi yoyote iishe ndani ya saa moja. Mshukiwa wa kwanza hana hatia, maana Inspekta Shabaha hajawahi kupatia mara ya kwanza. Ushahidi unaopatikana kabla ya tangazo la kwanza ni wa kupoteza watu, usiguswe. Mpelelezi lazima atazame nje ya dirisha ndipo aelewe. Vituo visivyo na dirisha vikatobolewa, na kimoja kilichotobolewa upande wa mahabusu kikabaki na inspekta peke yake. Tena, kwa kuwa kwenye kipindi mvua hunyesha kila mhalifu anapokiri, kikosi cha zimamoto kilipewa kazi ya kumwagia maji mapaa ya mahakama. Wenye nyumba zilizokuwa zikiungua waliombwa subira.

Wezi ni watu wanaosoma kuliko tunavyodhani. Sheria zilitangazwa asubuhi, na mchana walikuwa wamepanga foleni vituoni, kila mmoja akiomba awe mshukiwa wa kwanza. Walishukiwa, wakasafishwa, wakarudi kazini.

Ila iliyotuumiza ni sheria ya mwisho, ile ambayo watu waliiita Sheria ya Mleta Chai. Wataalamu waligundua kwamba katika kila kipindi, mwanzoni kabisa, polisi wakiwa bado wamesimama juu ya maiti, hutokea mtu mmoja mpole akawaletea chai. Na mwishoni, bila kukosa, muuaji huwa huyohuyo. Basi ikaamriwa: mwenye hatia ni yule anayeonekana mwanzoni akitenda wema ambao hakuombwa.

Tulijifunza haraka. Mtu akianguka barabarani, tulipita tukitazama mawingu. Jirani akifiwa, tulikaa kwanza ndani mpaka mwanzo upite, ndipo tukapeleka unga. Mke wangu aliokota mtoto wa watu aliyepotea sokoni, akafika naye nusu ya njia ya kwenda polisi, akakumbuka, akamrudisha palepale alipomkuta. Jioni ile hakula. Nami sikumuuliza kwa nini, maana ningemuuliza angenijibu.

* * *

Sasa nimtaje Melkiori Sangoda, kwa sababu bila yeye haya yote yasingekuwepo. Yeye ndiye aliyekiandika kipindi. Alikuwa mtu mwembamba, mwoga wa mbwa, aliyejihesabu miongoni mwa watu ambao hawajawahi kumdhuru mtu.

Siri ya mleta chai ilikuwa nyepesi mno. Kituo cha televisheni kilikuwa na waigizaji watano tu. Mmoja Inspekta, mmoja sajini, mmoja maiti, mmoja mshukiwa wa kwanza. Wa tano alikuwa wifi wa mkurugenzi, mama asiyeweza kukariri zaidi ya sentensi mbili, kwa hiyo alipewa birika. Kila kipindi kilipokaribia mwisho, Melkiori aliwapitia waliobaki. Inspekta hawezi kuwa muuaji, sajini ni msaidizi wake, maiti amekufa, mshukiwa wa kwanza ameshasafishwa. Anabaki mwenye birika. Melkiori hakuwa na chuki yoyote na watu wanaopika chai. Alikuwa na waigizaji watano, na Alhamisi ilikuwa haimsubiri.

Na zile sentensi mbili hakuzitunga yeye. Nje ya geti la kituo palikuwa na kibanda cha Mama Kudra, mwanamke mnene mwenye kicheko cha tumboni, aliyemnywesha Melkiori chai ya tangawizi tangu hajulikani na mtu. Mama Kudra akikukabidhi kikombe alikuwa na maneno yake: "Kunywa kwanza, mwanangu. Haki haikimbii, ni watu wanaoikimbia." Melkiori aliyasikia, akayapenda, akayaingiza getini na kuyatia kinywani mwa muuaji. Kuanzia hapo kila muuaji wa Alhamisi alisema maneno ya Mama Kudra. Mwenyewe hakujua. Hakuwa na televisheni, na saa hiyo ya Alhamisi alikuwa akikanda unga wa maandazi ya kesho.

Melkiori alikusudia kumwambia. Alikusudia kila asubuhi, akiwa ameshika kikombe, na kila asubuhi alikunywa, akashukuru, akaingia ndani.

* * *

Ikatokea kwamba king'ora cha gari la Waziri kimepotea. Huo ulikuwa msiba mkubwa kuliko unavyosikika. Bila king'ora Mheshimiwa alikaa kwenye foleni ya magari pamoja na binadamu wengine, akaiona mitaro yetu kwa mara ya kwanza, akaugua. Gari lilikuwa limeegeshwa karibu na kituo cha televisheni, kwa hiyo Sajini Chambuso na askari wake walishuka hapo, wakatoa futi, wakaanza kupima.

Hawajafika mbali, Fundi Ligola anayetengeneza redio upande wa pili wa barabara akainua mkono.

"Afande, king'ora si hiki hapa? Dereva wa Waziri alikileta mwenyewe, kilikuwa kinakoroma. Nimeshakitengeneza."

Akakibonyeza. Kililia vizuri sana, mpaka watu wawili waliokuwa kwenye baiskeli wakaingia mtaroni kwa mazoea.

Sajini Chambuso alitazama saa yake, akatabasamu kwa huruma. "Mapema mno, fundi. Hata tangazo la kwanza halijaingia. Kiweke pembeni hicho, kinatupoteza. Nawe ndiye mshukiwa wa kwanza, huna hatia."

Jua lilikuwa kali na askari walikuwa wakitiririka jasho. Mama Kudra aliwaona. Yeye hakuwa amezisikia sheria, maana alikuwa mtu wa kuanza kazi watu wakiwa wamelala. Akaja na birika na vikombe kwenye sinia.

"Poleni na kazi, wanangu. Kunyweni kwanza. Haki haikimbii, ni watu wanaoikimbia."

Vikombe viliganda mikononi. Sajini alikuwa ameyasikia maneno hayo kila Alhamisi, akiwa na wanawe, na kila mara wanawe walipiga kelele kwamba ndiye huyo. Alianza kutafuta dirisha. Akaliona la kibanda, na kwa kuwa alikuwa nje akatazama ndani, akaelewa vivyo hivyo.

"Mama, weka birika chini."

"Chini kuna vumbi, baba," alisema Mama Kudra.

Walimpakia na birika lake. Melkiori alikuwa amesimama getini, ameona yote, na kikombe cha Mama Kudra kilikuwa mkononi mwake. Alifungua mdomo ili aseme neno. Badala yake akanywa.

* * *

Jioni hiyo Melkiori alibishiwa hodi na Kudra, binti wa Mama Kudra. Alikuwa mwanamke kijana, si mcheshi kama mamake, mwenye rangi nyekundu na ya buluu kwenye kucha ambayo haitoki kwa mafuta ya taa wala kwa sabuni, kwa sababu nusu ya mabango ya maduka mjini yalikuwa kazi yake. Aliketi mezani kwa Melkiori bila kukaribishwa.

"Kaka Melki, yale maneno ni ya mama."

"Najua."

"Mimi nilijua tangu siku ya kwanza, nilitazama kwa jirani. Nikanyamaza. Nikasema, labda alimwomba."

"Sikumwomba, Kudra."

Kudra aliweka mikono yake mezani. "Basi kesho uende ukaseme hivyo hivyo, kama ulivyoniambia mimi. Usipambe."

Kesho yake alikwenda. Mahakama ilikuwa imejaa, zimamoto wako juu ya paa na mipira yao, na Mama Kudra amekaa kizimbani, amevuliwa kilemba. Melkiori alisimama. Alisema kwamba mama huyu hana kosa. Kwamba maneno ni yake na aliyeyaiba ni yeye Melkiori. Kwamba mleta chai huwa muuaji kwa sababu waigizaji ni watano na mmoja wao hawezi kukariri.

"Wewe ni nani?" aliuliza hakimu.

"Mimi ndiye mwandishi wa Saa ya Inspekta Shabaha."

Mahakama nzima ilisimama kwa heshima. Hakimu mwenyewe alivua miwani akaifuta. Kisha akakumbuka kazi yake.

"Bwana Sangoda, unakiri kosa, na kesi haijafika hata nusu saa. Je, umewahi kuandika kipindi ambacho anayekiri katikati ndiye mkosaji?"

"Sijawahi, mheshimiwa."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nusu ya pili ningeijaza na nini?"

"Nasi hapa ni hivyo hivyo," alisema hakimu kwa upole. "Kaa chini."

Karani alisimama akayasifu mafuta ya kupikia, kwamba hayagandi wala hayatoi moshi. Baada ya hapo paa likaanza kumwagiwa maji, na Mama Kudra akaombwa alie.

"Nilie kwa lipi, baba?"

Akabembelezwa. Hakulia. Karani alimwonyesha namna ya kulia, akalia yeye mpaka akatolewa nje. Mama Kudra alibaki akimwangalia kwa masikitiko. Na kwa kuwa hakuna hukumu bila machozi, hakimu aliisimamisha saa ya kesi, akaahirisha mpaka asubuhi itakayofuata kipindi kijacho, akasema kwamba kama kipindi hicho kitamwonyesha mleta chai kwa namna nyingine, sheria itakifuata kama ilivyo kawaida yake.

Walipomtoa, Mama Kudra alipita karibu na Melkiori. Askari walimruhusu asimame kidogo.

"Mwanangu," alisema, "hukuniambia hata siku moja kwamba uliyapenda."

Melkiori aliyewaandikia watu majibu kila wiki alisimama pale kama gunia.

* * *

Kwa hiyo alikuwa na kipindi kimoja cha kumwokoa. Unaweza kudhani ni kazi ndogo: andika kwamba mleta chai hana hatia. Lakini basi mwenye hatia awe nani? Alikwenda kwa mkurugenzi, Bi Eufrasia, akaomba safari hii pasiwe na mkosaji.

"Kipindi bila mkosaji?" Bi Eufrasia alishtuka. "Watu si wataanza kumtafuta wenyewe?"

"Basi awe dereva. Dereva wa mkubwa mmoja."

"Melkiori, wewe ni mtu mzima. Tafuta mwingine."

Akatoka kwenda kumtafuta mtaani. Alipita kwa mshona viatu, akafikiri: awe mshona viatu. Akaona kwamba akimwandika huyu, kesho yake washona viatu wote wa nchi watakuwa ndani, na huyu mmoja alikuwa anamlea mjukuu mwenye pumu. Akafikiri muuza mkaa. Muuza mkaa alimpungia mkono na kumuuliza habari za Mama Kudra. Akafikiri muuguzi, mwalimu, mchimba visima, muuza samaki wa kukaanga. Kila kazi aliyoigusa ilikuwa na mtu ndani yake, na mtu huyo alikuwa na watu wake. Habari zilishatembea kwamba mwandishi yuko mtaani anachagua. Mshona viatu alificha sindano. Kinyozi alifunga duka, akasimama nje akijifanya mteja.

Melkiori alirudi nyumbani ameinamisha kichwa. Miaka yote alikuwa akichukua mtu wa mwisho aliyebaki bila kumwangalia usoni, na sasa alikuwa amewaangalia wote. Akakaa kitandani akalia, kilio cha kweli ambacho mahakama ingekifurahia.

Ndipo akamwona wa kuandika. Alikiandika kipindi upya: mleta chai analeta chai kwa wema tu, na maneno yake yameibwa, mkosaji ni mwandishi mmoja, anayeonekana mwanzoni akiwashikia polisi mwavuli. Kwa kuwa waigizaji hawakutosha, angemwigiza mwenyewe. Bi Eufrasia alisoma, akauliza jambo moja tu.

"Mwandishi? Kuna atakayelalamika?"

"Hakuna, Bi Mkurugenzi."

Alhamisi ilipofika nchi nzima ilishika vichwa. Mleta chai hana hatia. Na yule mwandishi mwembamba alipokiri mbele ya Inspekta kwamba aliiba maneno ya mama mmoja maskini na kumbebesha nayo dhambi za wauaji, alitetemeka kwa namna ambayo hakuna mwigizaji wetu aliyewahi kuifikia. Tulilia. Mke wangu alilia kuliko wote, na nilijua anamlilia mtoto yupi.

* * *

Asubuhi Mama Kudra alifunguliwa, akapewa birika lake. Melkiori alikunja blanketi, akaweka mswaki mfukoni, akaketi kibarazani kungoja kukamatwa. Uso wake ulikuwa na nuru. Wapita njia walisema amekuwa kama bwana harusi.

Waziri alihutubia taifa. "Ndugu wananchi, Serikali imekuwa na hisia hii kwa muda mrefu, lakini ilikosa ushahidi. Mwandishi ndiye mkosaji. Na mwandishi, kwa tafsiri ya Wizara, ni mtu yeyote ambaye maandishi yake yamewahi kusomwa na mtu asiye mama yake."

Magari yakatoka. Walimchukua mzee anayewaandikia watu barua nje ya posta. Walimchukua katibu wa chama cha kuzikana, na walimu wote waliokutwa ubaoni. Walimchukua yule anayeandika majina kwenye misalaba, na wiki ile wafu wetu walizikwa bila kutajwa. Mimi sikuguswa, maana haya ninayasema kwa mdomo tu. Kama kuna mtu anayaandika, simjui na sitaki nimjue.

Gari lilifika kibarazani kwa Melkiori, naye akanyoosha mikono. Sajini Chambuso alishuka akapiga saluti.

"Wewe hukamatwi, mkuu. Tukikukamata wewe, wiki ijayo tutamkamata nani?" Akamkabidhi bunda la karatasi nyeupe, salamu za Waziri, wakaondoka.

Mchana mlangoni kwake palikuwa na foleni. Washona viatu, wauguzi, kinyozi na mkewe, muuza mkaa kwa nguo za Ijumaa. Hawakumtukana. Walimwamkia kwa adabu, mmoja mmoja, wakamwomba asiwaandike wao. Waliondoka, wakaja wengine.

Jioni Mama Kudra alikuja akipita kando ya foleni, nao wakampisha. Melkiori aliruka akasimama, akamwamkia, akamtafutia kiti. Ukweli ni kwamba tangu asubuhi alikuwa akimngoja huyu tu. Alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba radhi, na alitumaini pia, Mungu amsamehe, kushukuriwa kidogo.

Mama Kudra hakukaa. "Wamemchukua Kudra," alisema. "Wamemkuta juu ya ngazi anaandika bango la saluni. Hakumaliza hata jina."

Melkiori aliitazama meza yake. Binti alikuwa ameketi pale, ameweka mikono yake yenye rangi mbele yake kabisa, na yeye alizunguka mtaa mzima akiwapitia watu wa kila kazi, asimkumbuke.

"Mama, nilikusudia niwe mimi. Mimi peke yangu."

"Najua, mwanangu. Wewe si mtu mbaya." Alilisema bila hasira, na hilo ndilo lililomchoma. "Lakini mimi kule nilikuwa nimeshaanza kuzoea. Ungeniacha tu."

Akageuka atoke. Mlangoni aliona kwamba amewapita watu waliotangulia, akawaomba radhi, akashuka ngazi mpaka mwisho wa foleni, akasimama nyuma ya muuza mkaa kungoja zamu yake ya kuomba.